Mwili wa Kwenye Kalenda

Mulot,
14 Januari 1997

Kwako Chepkurui,

Chamgei. Kama umesimama kwenye hiyo studio yenu ya picha tafuta kiti kwanza, maana dada yako ana mengi.

Hapa tuko wazima. Kiplangat ananyonya kama ndama. Cheptoo ameanza darasa la kwanza na kila jioni anarudi na chaki mfukoni. Gibson anakusalimu, siku hizi anasafirisha mahindi kwa pikapu. Duka linaenda polepole kwa sababu ya kiangazi. Wamasai wanakuja kuuza mbuzi, hawaji kununua sukari. Mama amerudi Kiptere juzi baada ya kunikalia tangu nijifungue. Alinilisha uji wa wimbi, supu na maziwa ya mursik ya kibuyu mpaka nikamwambia basi. Anasema mwanamke aliyezaa hatakiwi kuonekana mifupa. Basi mifupa haionekani, na nguo zangu zote za mwaka jana zimekataa kufunga.

Sasa lile jambo. Ijumaa lori ya holsela ilitoka Sotik na mafuta ya kujipaka ya Laini, na kwa kila katoni wanatoa kalenda ya bure. Mimi nilikuwa nyuma nikipima unga. Nikasikia Gibson akiita, "Bilhah! Njoo uone huyu ni nani!" Nikaenda na unga mikononi. Alikuwa ameitandaza juu ya kaunta, na ndani yake ulikuwa wewe, kilemba kichwani, bega moja nje, unacheka, na mashamba ya chai nyuma yako yamekwenda kijani mpaka mwisho wa karatasi.

Hukuniambia. Nimepata habari za ndugu yangu wa tumbo moja kwenye katoni ya mafuta.

Gibson ameitundika pale ambapo kila mtu anayesubiri chenji lazima aione. Wanauliza, "Huyu ni dada yako kweli? Mbona hamfanani?" Mimi nacheka. Jana mama mmoja mfuga ng'ombe alikutazama, akanitazama, kisha akasema, "Basi wewe ndiye uliyebaki na chakula chote." Nikacheka hata hiyo.

Umependeza, na kilemba kile pia, sikatai. Lakini nakuuliza kama dada: unakula nini huko Kericho hata kiuno kikakaa hivyo? Sisi wote tulilelewa na ugali wa kimyet na maziwa ya ng'ombe wale wale.

Ni mimi, mama Cheptoo kama wanavyoniita hapa,
Obot Cheptoo


Kericho,
5 Februari 1997

Dada yangu Bilhah,

Barua yako ilinikuta kazini na nikaisoma nimesimama, nisamehe. Mvua ya hapa unaijua, kila alasiri inapiga mabati bila kujali kiangazi cha watu wengine. Mimi niko sawa. Chumba changu kina dirisha sasa. Mpige busu Kiplangat, na mwambie Cheptoo nimemwekea penseli za rangi.

Sikuficha kitu. Watu wa Laini walikuja kwa Peterson, mwenye studio, kutengeneza picha za bidhaa. Mama mmoja wa Nairobi akaniona nikiandika risiti. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Huyu." Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona kalenda yenyewe. Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Usiongeze hata kilo moja, mwaka ujao tutakuja tena." Sasa mjini nasalimiwa na watu nisiowajua. Hata karani wa benki alitoka nyuma ya dirisha lake kunifungulia mlango.

Unauliza ninakula nini. Nakula kama mtu yeyote, ila najiangalia. Peterson hununua magazeti ya urembo kwa ajili ya wateja wanaosubiri, nami huyasoma yote. Nimekukatia ukurasa mmoja kuhusu chakula cha kupunguza mwili baada ya kuzaa. Labda utakufaa.

Nimeona Mama alikukalia wiki nyingi. Vizuri. Kwangu amekuja mara moja tangu nihamie hapa, na siku hiyo alikuwa anapita kwenda kuonwa macho. Kutoka Kiptere kuja huku ni karibu kuliko kwenda Mulot, lakini mimi sijazaa, kwa hiyo labda sina sababu ya kuletewa kibuyu.

Mdogo wako,
Chepkurui


Mulot,
16 Machi 1997

Chepkurui,

Natumai mvua yenu bado inanyesha, na kama kuna inayobaki itume huku. Watoto ni wazima. Penseli zilifika, na Cheptoo amechora ng'ombe wa zambarau ukutani.

Gibson amenunua televisheni, ile ndogo ya kutumia betri ya gari. Wanaume wanajaa dukani Jumamosi kama kanisani. Wiki iliyopita walionyesha mashindano ya urembo, wasichana wamefungwa namba kiunoni. Wanaume hawa, ambao sokoni hawatazami ng'ombe asiye na nyama, walikuwa wanapiga makofi kwa wale waliokonda zaidi. Mmoja akasema, "Namba saba amekaa kama yule wa kalenda." Gibson akajibu na kifua mbele, "Yule wa kalenda ni shemeji yangu." Hakusema, "Ni dada ya mke wangu." Nami nilikuwa pale mlangoni, nimebeba sinia ya chai ya watu wote.

Ule ukurasa wako nimeubandika ndani ya kabati. Unasema asubuhi nile nusu balungi. Balungi Mulot litoke wapi? Nimejitengenezea utaratibu wangu. Asubuhi chai ya rangi. Mchana nasema nitakula jioni. Jioni nasema nilikula dukani. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Anayepakulia wengine hakuna anayemuuliza. Kanisani wanafikiri nimefunga kwa maombi, na mke wa mchungaji ameniambia uso wangu una nuru.

Nguo ya buluu, ile ya siku ya mahari, imeingia. Gibson aliniona nayo akasema, "Ala! Kumbe bado uko hapo ndani."

Usimwambie Mama.

Dada yako,
Bilhah


Kericho,
22 Aprili 1997

Obot Cheptoo,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni mzima. Chai imechipua sana baada ya mvua na wachumaji wanarudi jioni wamelowa mpaka kiunoni. Peterson amepata mtoto wa pili, amemwita Shirley.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana karatasi. Sasa nitasema na usikasirike.

Wewe una mume. Una nyumba ya mawe. Una watoto wawili, na una Mama, ambaye akisikia umekohoa anafunga kibuyu kwenye kikapu na kuondoka. Mimi nina kitu kimoja. Maisha yangu yote mmeniita mwembamba kama vile ni ugonjwa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiwaambia wageni? "Bilhah anakula kama mtu, huyu mwingine anadonoa kama kuku." Wageni wanacheka, na mnofu unaenda kwenye sahani yako. Sasa kwa mara ya kwanza huu wembamba umekuwa mali, watu wananifungulia milango, na wewe unataka na hiki pia.

Acha, Bilhah. Huo mwili wako ni mzuri ulivyo. Niachie mimi wangu.

Chepkurui


Mulot,
29 Juni 1997

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako. Nimekaa kimya kwa sababu kulikuwa na palizi, halafu Cheptoo akapata surua, na pia kwa sababu ulinikasirisha. Lakini ndugu ni ndugu. Tuko wazima. Kiplangat amekataa titi, sasa tunampa maziwa ya ng'ombe.

Sichukui kitu chako. Mwili haugawanywi kama shamba, ati wewe ukipewa mimi ninyimwe. Nataka tu siku moja mtu aingie dukani aitazame karatasi ile, anitazame mimi, na asitafute tofauti.

Nyuma ya duka kuna mizani ya kupimia magunia. Asubuhi Gibson akienda kuchukua maziwa, napanda. Ungeona jinsi ule mkono unavyoshuka. Siku ukishuka nafanya kazi nikiimba, siku ukikataa kushuka sitaki kusemeshwa na mtu. Ni kitu changu peke yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kushinda kitu chochote, lakini hiki nakishinda.

Baridi tu ndiyo inanisumbua. Navaa sweta mbili hata saa sita. Na nywele zinatoka, lakini wanasema ni kawaida baada ya kuzaa.

Kuna wanawake hapa wameacha kununua mandazi yangu. Nikiwapa chenji wanaiokota kwenye kaunta, hawapokei mkononi. Ni wivu. Walizoea Bilhah mnene wa kuchekwa.

Dada yako


Kericho,
27 Julai 1997

Bilhah,

Nakusalimu. Hapa kuna ukungu na mafua, lakini tunaenda kazini.

Mama alikuja. Nilimwona amesimama mlangoni pa studio na kikapu. Nikamwambia Peterson, "Huyu ni mama yangu, amekuja kuniona." Nikampeleka chumbani, nikamkalisha kitandani. Aliketi, akafunua kichwa, akaanza kulia, na yote aliyolia yalikuwa wewe. Bilhah amekuwa kijiti. Bilhah hana maziwa ya mtoto. Alikuwa amepitia Mulot. Hakuuliza dirisha langu, hakuuliza kazi yangu. Hata ukiwa mbali unakula siku yangu.

Halafu akaniuliza polepole, "Gibson anasafirisha mahindi mpaka wapi? Analala huko?" Ndipo nikaelewa. Bilhah, hao wanawake hawakuonei wivu. Wanasema una ukimwi. Wanasema Gibson amekuletea, na kwamba mtoto ameachishwa titi kwa sababu hiyo. Mama ameyasikia mpaka sokoni Kiptere.

Kula, tafadhali. Sikuambii hivi kwa sababu ya ile barua yangu ya mwezi wa nne. Kula tu.

Mimi sina mengi. Meno yananiuma. Nilienda kwa daktari wa meno akaniuliza swali la kipumbavu, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Chepkurui


Hospitali ya misheni,
18 Septemba 1997

Chepkurui,

Usishtuke kuona anwani. Ninaandika nikiwa nimeegemea mto na sindano ya maji mkononi, ndiyo maana mistari inapanda. Kiplangat yuko na mama mkwe. Gibson anakuja kila siku na kuketi.

Barua yako ya Julai niliisoma na kuichoma jikoni. Nilijiambia umetunga uongo ili ninenepe ubaki peke yako kwenye kalenda. Ndivyo nilivyofikiri, nakuandikia ukweli ulivyo.

Kisha siku moja Cheptoo alisukuma sahani.

"Sitaki kimyet."

"Umeshiba na nini?" nikamwuliza.

"Nilikula shuleni."

"Shuleni kwenu hakuna chakula."

Akanitazama bila hasira, kama mtu anayesema jambo linalojulikana na wote. "Na wewe husema umekula dukani."

Nilimchapa, Chepkurui. Nikamchapa halafu nikakaa kando yake na sahani ile, nikataka nile kijiko kimoja mbele yake ili naye ale. Mkono ulifika mdomoni, mdomo ukakataa kufunguka. Si kwamba sikutaka. Nilitaka na haikuwezekana. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Siku iliyofuata nilianguka dukani nikipima sukari. Watu waliokuwepo hawakuniinua. Walitoka nje wakasubiri Gibson.

Ndani ya pikapu hakunisemesha mpaka tulipopita daraja. Kisha akauliza akitazama barabara, "Bilhah, ni mimi nimekuletea, ama ni wewe umeniletea?" Nikamwambia sijui anachosema. Tukapimwa damu sote wawili. Tulisubiri majibu kwenye benchi moja, kila mtu amegeukia upande wake, kama wageni. Daktari alipotuambia hakuna kitu, sisi wote ni wazima, Gibson alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameweka kichwa juu ya boneti ya gari, mabega yanatikisika. Tangu asubuhi ile mpaka leo hajaniuliza tena, na mimi sijasahau kwamba aliuliza.

Daktari ni mwanamke, Daktari Nyanchoka, kutoka Kisii. Aliniambia, "Mama Cheptoo, damu yako ni safi. Sasa niambie kwa nini huli." Nikasema nakula. Akasema, "Nimekuona asubuhi ukimwaga uji kwenye sinki." Akavuta kiti. Alikiri kwamba chuoni walifundishwa ugonjwa huu wa kukataa chakula kwa kurasa mbili tu, na kitabu kilisema ni wa wasichana wa ng'ambo walioshiba, kwa hiyo yeye alipita haraka.

Nikamwambia ni kalenda. Nikamweleza kuhusu wewe, na televisheni, na ukurasa wa gazeti. Alisikiliza yote. Akasema picha kama hizo zina ubaya wake, zinamwonyesha mtu mwili mmoja kila siku mpaka anaona wake ni makosa. Kisha akauliza, "Lakini kalenda hiyo iko kwenye kila duka kutoka hapa mpaka Narok. Wanawake wengine wanaitazama, wananunua chumvi, wanarudi nyumbani kula. Wewe kabla ya kalenda kulikuwa na nini?"

Nilivuta blanketi mpaka kidevuni. Kwa sababu nilijua.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui kama ulisikia. Nilipomaliza darasa la nane na barua ya kuitwa sekondari imefika, Baba alisema, "Bilhah ana mwili wa kazi, huyu ataolewa upesi. Tungoje huyu mwembamba, yeye ndiye wa kusoma." Nilikuwa na alama nyingi kuliko ulizopata wewe baadaye. Ni mwili huu ulioninyima shule. Tangu siku hiyo nauchukia, nilikuwa tu sijapata njia ya kuuadhibu. Halafu ukaja wewe, wembamba ule ule uliokupeleka shule, umetundikwa juu ya kichwa changu mwaka mzima.

Sasa wewe nawe sema. Ulikuwa unakula nini siku ile ya picha?

Bilhah


Kericho,
12 Oktoba 1997

Dada yangu,

Nimefurahi uko hai. Sitaanza na hali ya hewa.

Siku ile ya picha nilikuwa sijala chakula kigumu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetoka hospitali. Nilishikwa na homa ya matumbo mwezi wa nane mwaka jana, vibaya, mpaka nywele za mbele zikang'oka. Kwenye kalenda wamezifunika na kile kilemba mlichokisifu. Lile shavu wanalosema limechongwa ni la mtu aliyejifunza kutembea tena kwa kushika ukuta. Yule mama wa Nairobi aliniona nimeketi kwa sababu sikuweza kusimama. Akasema, "Huyu."

Hukujua kwa sababu nilikataza uambiwe. Mama alipelekewa habari, lakini wakati huo wewe ulikuwa unatoka damu ukiwa na mimba, naye alikuwa kwako. Alimtuma jirani aje kunitazama. Jirani! Nililala pale nikihesabu wageni wa wagonjwa wengine. Aliyeniletea uji ni Peterson na mkewe. Nikaapa siku moja mtanitazama nyote, na mtanitazama nikiwa juu.

Nilipopona nilianza kula na mwili ukarudi. Nikashtuka. Kila gazeti pale studio lilikuwa linaniambia vile yule mama aliniambia. Kukaa na njaa kama wewe sikuweza, mimi naogopa njaa. Kwa hiyo nakula, Bilhah. Nakula peke yangu, nakula sana, mkate mzima na maharagwe ya kesho, halafu naenda choo cha nje na kurudisha. Ndicho alichoniuliza daktari wa meno. Aliona meno yangu yamelika kwa nyuma, akaniuliza natapika mara ngapi. Nilimwambia ananitusi.

Ulipoandika kwamba unapungua sikukuonea huruma. Nilipandwa na wivu. Niliona wewe una nguvu ya kukataa chakula na mimi sina, hata kwa hili umenishinda. Nawe ulipolazwa, najua ni vibaya, nilifikiria kwanza kwamba Mama ameketi kando ya kitanda chako.

Hayo ya Baba na sekondari sikuyajua. Miaka yote nimedhani walinipeleka shule kwa sababu waliona sitaolewa. Mama akisema nadonoa kama kuku, mimi nilisikia kwamba sitoshi kuwa mwanamke. Kumbe wewe ulisikia kwamba unakula sana. Maneno ni yale yale, na kila mmoja wetu aliyabeba kwa upande wa kumchoma.

Watu wa Laini walikuja mwezi uliopita. Yule mama alinizungusha, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba nimejaa. Wamechukua msichana mwingine, bado yuko shule. Nilimwona akitoka nje baada ya kupigwa picha, anaomba maji, na mtu akamwambia asinywe mengi mpaka wamalize.

Sijui nifanye nini. Nimeandika yote, sasa naogopa kuituma.

Chepkurui


Mulot,
8 Desemba 1997

Chepkurui,

Barua yako imefika leo, wino umetawanyika. Mvua hii imevunja barabara mahali pengi, na posta ilikaa wiki nyingi bila kitu. Nyumba yetu haijaingia maji. Nilitolewa hospitali mwisho wa Oktoba. Kila wiki mbili Gibson ananipeleka kwa Daktari Nyanchoka, kwa miguu pale gari likizama.

Nimesoma na nimekasirika. Nilitaka kukuuliza ungefanya nini kama ningekufa nikiutafuta mwili wa mtu mwenye homa ya matumbo. Kisha nikasoma tena pale pa jirani, na hasira ikaisha nguvu.

Mimi sijapona. Nakula kwa saa, kama dawa. Gibson ameuza ile mizani, sasa magunia yanapimwa kwa jirani. Siku aliyoiuza nilimtukana mbele ya watoto. Kalenda bado iko ukutani. Alitaka kuichana, nikamwambia aiache imalize mwaka. Nikikutazama sasa naona mgonjwa, na siku nyingine, nakuambia ukweli, bado natamani.

Njoo Krismasi. Mama atakuwepo. Mwambie hicho ulichoniambia, au nitamwambia mimi.

Bilhah


Kericho,
1 Februari 1998

Dada yangu Bilhah,

Salamu kwa Gibson, na umwambie viatu vyangu havitatoka matope ya kwenu hata nikivichemsha. Salamu kwa Kiplangat anayesimama. Mwambie Cheptoo barua yake nimeibandika karibu na kitanda.

Tangu Krismasi sijakuandikia kwa sababu Mama amekuwa hapa. Ndiyo, hapa. Tulipofika njia panda ya kwenda Kiptere nilimshushia mzigo, akaurudisha ndani. Akasema, "Mimi naenda Kericho."

Nimekuwa nikifikiri kuhusu ile meza yenu. Wewe ulipomwambia mbele ya chakula, "Mama, mmoja wetu hali na mwingine anatapika," nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani atalia, au ataomba, au atasema ni pepo. Alibaki ameshika mwiko. Kisha akasema, "Nilikuwa nawasema kwa sababu nilikuwa najivunia. Mmoja anakula, mmoja mwepesi. Nilidhani nawasifu." Akarudia mara nyingine, "Nilidhani nawasifu." Akaketi chini na hakula, na sisi tukabaki kumbembeleza ale. Watu wazima watatu, na nyama inapoa. Ni Gibson aliyeanza kucheka.

Hapa kwangu hakuna meza. Tunakula tumeketi kitandani. Baada ya chakula ananizuia nisitoke, hasemi kwa nini. Ananipa uzi nifume, au anaanza hadithi ndefu za watu wa Kiptere niliowasahau. Siku za kwanza nilimdanganya nikapita. Aliposikia ninatapika, alinifuata nje na mvua ile, akanishika kipaji cha uso mpaka nilipomaliza, akanipangusa na leso yake. Hakunigombeza. Nina miaka ishirini na mmoja na sikumbuki lini mara ya mwisho alinishika hivyo. Kesho yake nilitapika tena, na sijui kama ilikuwa ugonjwa au nilitaka tu anishike tena.

Nimeacha kazi ya kukaa mbele. Peterson amenipeleka chumba cha giza, nasafisha filamu. Magazeti siyaoni. Mimi sasa ndiye ninayeona picha za watu kabla hazijarekebishwa, na ningekuambia mengi. Nimerudi pia kwa yule daktari wa meno, nikamjibu swali lake.

Jana tulikula kimyet na sukuma wiki na kipande cha nyama. Mama alilala mapema, amechoka, hakunipa hadithi wala uzi. Nilibaki peke yangu na mlango. Nilikaa. Nililia kidogo, tumbo lilikuwa zito kama jiwe, lakini nilikaa, na chakula kikakaa. Hiyo ni jana. Leo bado haijafika jioni.

Anasema atabaki mpaka mwezi wa nne. Najua ukisoma hapo roho itakuuma. Hukuwahi kukaa mbali naye hivi, na najua ulitaka arudi kwako kabla ya palizi. Simrudishi, Bilhah, bado. Nimemngoja sana. Nionee wivu mpaka utosheke, sikukatazi, lakini nionee ukiwa umeshiba.

Ndugu yako,
Chepkurui